Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wetu: tunaomba jina la Mwalimu lirudi kwenye kibao

Mheshimiwa Afisa Elimu, shikamoo. Na ndugu zangu wa Ugogo mnaosoma, mbukwenyi.

Naandika kuhusu shule yetu ya msingi huku kijijini, ile iliyopata madarasa mawili mapya juzijuzi. Kwanza ahsante sana kwa madarasa, watoto walikuwa wanabanana wanne dawati moja, hilo nashukuru kutoka moyoni. Ila fundi rangi alivyomaliza kuta akapaka na kibao cha njiani, na kilivyokauka jina la Mwalimu halipo tena, limebaki jina la kijiji peke yake. Nimeuliza nani kasema libadilishwe, kila mtu anasema sio yeye.

Jina lenyewe siliandiki hapa sababu familia yake imeniomba waje kuongea na wewe wenyewe kwanza. Nitamwita Mwalimu tu. Najua nchi nzima ukisema Mwalimu watu wanajua ni Nyerere, ila huku kwetu utaulizwa yupi.

Shule ilianza 1971, kipindi cha Operesheni Dodoma, watu wanatolewa kwenye matembe yao yaliyotawanyika huko maporini wanaletwa kukaa kijiji kimoja. Mama yangu alikuwa na miaka kumi na moja, anasema nyumba zenyewe hazijaisha kuezekwa Mwalimu kashaegemeza ubao kwenye mbuyu na anagonga rimu ya lori kuita watoto. Alikuwa kijana wa hukuhuku, kaenda kusomea ualimu Mpwapwa akarudi, na hiyo ndo ilisaidia, maana watoto walikuwa wanakuja hawajui Kiswahili hata neno. Mwalimu alikuwa anawahesabisha ng'ombe kwa Kigogo kwanza, alafu wale wale ng'ombe wanahesabiwa upya kwa Kiswahili, mpaka mama leo akihesabu kitu haraka unasikia lugha mbili zinapishana.

Shida kubwa ilikuwa machungani. Mzee ana watoto wawili wa kiume na ng'ombe wake, unamwambiaje awaachie wote waende shule? Mwalimu hakuwa anakimbilia kwa viongozi wa kijiji kushtaki mtu, alikuwa anaenda zizini jioni, anakaa na mzee mpaka wanamaliza kukamua, wanakubaliana leo kaka achunge mdogo aende shule, kesho wabadilishane, na yule wa shule akirudi usiku anamfundisha mwenzake alichosoma. Baba yangu kajua kusoma hivyo hivyo, siku ya shule siku ya malisho, na mpaka leo barua za ukoo mzima anasoma yeye.

Alafu TANU wakakaa Musoma 1974 wakaamua kufikia 1977 watoto wote wawe shule. Shule ikafurika, wengine asubuhi wengine mchana, wakaletwa vijana waliomaliza darasa la saba wafundishe huku nao wanajifunza ualimu kazini, walimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Watu wanawasema sana wale vijana lakini wa kwetu walipata bahati, jioni Mwalimu akitoka kwenye kisomo cha watu wazima anakaa nao na kandili wanaandaa somo la kesho. Mimi nimeanza darasa la kwanza 1988, aliyenishika mkono kuandika "a" ni mmoja wa hao, na mwandiko wake ulikuwa kama wa Mwalimu kabisa.

Mheshimiwa, jina lile halikutoka ofisini. Mwalimu alivyofariki liliamuliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, watu wakanyoosha mikono, nilikuwepo. Sasa kama kijiji kilikaa kuliweka, kwanini litoke kwa brashi bila kikao?

Majina yanapotea hivi hivi. Pale Dodoma mjini kulikuwa na shule ya sekondari Alliance, ikaja kuitwa Mazengo kwa heshima ya Mtemi Mazengo wa Wagogo, na tangu 2007 pale ni Chuo Kikuu cha St John's. Chuo ni jambo jema, sipingi, ila nina ndugu yangu mdogo kasoma hapo chuoni miaka mitatu na akaja kuniuliza Mazengo ni nani.

Kwa hiyo naomba jina lirudi. Rangi tutanunua wenyewe, fundi tunaye.

Na kuna kingine kinaniuma zaidi ya kibao. Kwenye stoo ya shule yapo madaftari ya mahudhurio ya zamani, mchwa wameshaanza kuyala upande wa chini. Niliyaona siku tunahamisha madawati. Mwalimu hakuwa anaweka alama ya utoro tu, pembeni aliandika na sababu: ng'ombe, mvua, njaa, kafiwa, hana nguo. Kuna mwezi mmoja ukurasa mzima umeandikwa njaa, njaa, njaa, mpaka chini. Sijui wapi pengine utakuta maisha ya kijiji hiki yameandikwa siku kwa siku namna ile, na yeyote akitaka kuandika historia ya shule yetu inabidi aanzie hapo.

Mwalimu mkuu yuko tayari kunifungulia ila anataka kibali chako cha maandishi, na yuko sahihi. Nipe kibali cha jumamosi mbili tu. Nitakuja na simu yangu nipige picha ukurasa mmoja mmoja, mama atakuwepo kunisomea majina ya walioandikwa humo, wengine bado wako hai na wanakaa mtaa wa pili kutoka shuleni.