Mama Gloria, hiyo si EG

Lubumbashi, tarehe 12 ya mwezi wa kumi

Ndugu yangu Mama Gloria,

Jambo yenu nyote hapo Kalemie. Sisi huku tuko, Mungu anasaidia, ila jua la mwezi huu linatupiga kama tunadaiwa nalo. Mvua bado. Vumbi jekundu limeingia mpaka ndani ya sukari.

Ujumbe wako kuhusu klimatizeri, hiyo mashine yako ya kupoza hewa, niliupata usiku. Nikausoma mara mbili, mara ya tatu nikacheka: "Mashine imeandika EG, fundi anasema kompresa imekufa, anataka dola 250." Usikasirike, sikuchekea hasara yako. Nilijichekea mwenyewe, maana mwaka jana na mimi nilinakili herufi za namna hiyo kwenye kikaratasi nikazunguka nacho mjini kama mtu anayetafuta nyumba asiyoijua namba. Kile kioo cha klimatizeri hakina mwandiko mzuri. Kila herufi imeundwa kwa vijiti saba tu vya taa, na kwa vijiti saba 6 na G ni mapacha, 5 na S ni mtu mmoja, 0 na O usijisumbue kuzitenganisha. Uliyoiona ni E6.

Sasa, E6 ya nani? Jina la mashine hukuniambia, na bila jina hata fundi wako anabahatisha. Alama hiyo ya kasoro mafundi wanaiita kodi, na jina limefaa, kwa sababu na hii unailipa bila kujua pesa imeenda wapi. Kila kiwanda kina kodi zake. Kwenye Gree, E6 maana yake mashine ya ndani na ya nje hazisikilizani: mmoja anaita, mwenzake haitikii. Kwenye Daikin, E6 ni kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, imeshindwa kuanza kuzunguka. Kwenye LG kuna CH06, na hiyo ni sonda, kile kipimo kidogo cha joto kilichobanwa kwenye bomba la ndani. Namba ni hiyo hiyo sita. Ya kwanza unaweza kuiponya kwa mita chache za waya, ya pili inaweza kuwa bei ya nusu ya mashine, ya tatu ni kidude kinachoingia kwenye kiganja. Mimi sijui fundi wako alisoma orodha gani kwenye simu yake, lakini kama mashine yako ni Gree na orodha ilikuwa ya Daikin, hizo dola 250 utakuwa umezimwaga ziwani.

Na ule ugonjwa wa kutosikilizana nao una majina kama mtoto wa wajomba wengi. Gree E6, Midea E1, Daikin U4, LG CH05, Samsung E101. Halafu E1 hiyo hiyo ukiikuta kwenye Gree ni habari nyingine kabisa: presha ya gesi imepanda kupita kiasi. Kwa hiyo mtu akikuambia "E1 naijua mimi" kabla hajauliza jina la mashine, mpe maji ya kunywa na umsindikize mpaka mlangoni.

Wacha nikueleze yaliyonipata, maana ulipokuja kwenye msiba nilikuambia nusu tu. Nilikuwa na haya.

Unalijua duka langu la dawa pale Kamalondo: bati juu, ukuta wa mbele unachomwa kuanzia saa sita mpaka saa kumi na moja. Sirapu na vidonge vingi vimeandikwa kwenye boksi vikae chini ya nyuzi 25, vingine chini ya 30. Siku ile kipimajoto changu kilionyesha 33. Mashine inapuliza upepo wa kawaida kwa dakika chache, inanyamaza, taa inamulika mara sita, inatulia, inaanza tena kumulika. Nikaita fundi. Alifika na chupa ya gesi begani kabla hajaona kitu chochote, na hapo ningepaswa kushtuka. Akaongeza gesi, nikalipa dola 40. Kesho yake taa ile ile. Akasema basi ni kadi ya elektroniki ya mashine ya nje. Dola 130, na nilimngoja siku tisa. Akaifunga, mashine ikafanya kazi saa mbili na nusu, tukapiga picha, na jioni ile ile ikaanza kumulika mara sita. Unajua aliniambia nini? Kwamba kadi mpya nayo ni mbovu.

Mama Gloria, nililia. Si kwa sababu ya pesa tu. Nilikuwa nimebeba sirapu za watoto kwa teksi kuzipeleka kwa shemeji yangu mtaa wa Golf, mara tatu kwa wiki moja.

Fundi wa pili, kijana mmoja wa Katuba, hakufungua hata begi. Aliuliza maswali mawili: ilianza lini, na nani alivuta hizi waya. Kati ya mashine ya ndani na ya nje kunapita waya nne: mbili za umeme, moja ya ardhi, na moja ambayo kazi yake ni maongezi. Kadi mbili zinaongea kupitia waya huo kwa midundo midogo ya umeme, haraka haraka: nataka nyuzi 24, sawa, zungusha kompresa, imezunguka. Kijana akafuata waya kwa mkono mpaka chini ya paa, na pale akakuta fundo. Waliofunga mashine miaka ile waya uliwapungukia, wakaunga kwa kuzungusha na vidole, wakaviringa utepe mweusi. Jua limeukausha utepe, mvua imeingia, shaba imegeuka kijani. Umeme wa nguvu unapita hata kwenye fundo baya, unatoa moto tu. Maongezi hayapiti, yanafika yamekatika katika kama simu ya barabara ya Kasumbalesa. Mita sita za waya mpya, bila kiungo katikati. Pamoja na kazi yake, dola 25. Kadi niliyoinunua kwa 130 iko pale pale, na ya zamani ninaifungia bado kwenye droo, haikuwa na kosa lolote.

Tangu siku ile ndivyo ninavyoisoma kodi: inasema kadi imekosa nini, haisemi kitu gani kimeharibika. Ikisema "sisikii", inaweza kuwa sikio, inaweza kuwa mdomo wa mwenzake, inaweza kuwa njia. Fundi mzuri anaanza na njia kwa sababu ndiyo rahisi.

Hata sonda ni hivyo hivyo. Kadi inaposema sonda ina kasoro, inakuwa imepata namba isiyowezekana. Pengine sonda imekufa, pengine panya amekata uzi wake, pengine plagi yake imelegea tu kwenye kadi. Kupima ni kazi ya dakika moja: unaichomoa, unaiweka kwenye multimeta, kile kipimo cha umeme cha mafundi, unaishika mkononi. Ukinzani wake unapaswa kushuka taratibu kadiri kiganja kinavyoipasha joto. Nyingi kwenye nyuzi 25 zinasoma kilo-omu 5, 10, 15 au 20 kulingana na kiwanda. Isiposogea kabisa, hiyo ndiyo iliyokufa. Kijana wa Katuba alinifanyia mbele ya macho yangu kwa ile ya kwangu nzima ili nione, nikahisi kama mwanafunzi wa shule ya msingi, nikafurahi.

Kuhusu gesi: kama hata fundi wako atataka kuanza na gesi, mkatalie. Gesi si makala ya jikoni, haiungui ikaisha. Inazunguka ndani ya bomba lililofungwa miaka na miaka. Ikiwa imepungua, kuna mahali inapotoka, na kuongeza bila kuziba ni kujaza ndoo iliyotoboka. Halafu aangalie kwanza aina ya gesi kwenye kibandiko, kama ni R410A, R32 au R22, kwa sababu hazichanganywi, na presha ya R410A ni kubwa kuliko ya R22, vipimo vyake ni tofauti.

Kabla ya kumwita mtu yeyote, fanya haya mwenyewe. Zima umeme wa mashine kwenye swichi ya ukutani, si kwa telekomandi, ungoje dakika kumi, washa, halafu kaa na saa. Usiogope kompresa ikichelewa dakika tatu kuanza, imepangwa hivyo ijilinde umeme unapokatika na kurudi. Kodi ikitokea mara tu unapowasha, mara nyingi ni sonda au kadi. Ikitokea baada ya dakika chache, fikiria waya za maongezi. Ikifanya kazi vizuri nusu saa au zaidi ndipo ikaanguka, hasa mchana wa jua kali, tazama vumbi na hewa ya mashine ya nje. Na andika saa. Kama inaanguka kila jioni saa moja, wakati mtaa mzima unapika bukari, ugali wetu, kwa jiko la umeme, mpe mtu apime volti pale kwenye plagi. Yapaswa kuwa 220. Hapa kwangu jioni nimeona 168 kwa macho yangu. Midea inaandika P1 kwa umeme uliopanda au kushuka hivyo. Hapo dawa ni stabilizateri, kile kifaa cha kusawazisha umeme, inayotosha nguvu ya mashine, mashine yenyewe haina ugonjwa.

Vumbi nalo nilikuwa silijali. Jirani yangu wa saluni aliogopa wezi, maana huku kwetu, mji wa shaba, bomba la shaba halilali nje peke yake. Akaijengea mashine ya nje kizimba cha chuma, na kwa usalama zaidi akakifunika mbele kwa bati. Hewa ya moto inatoka, inagonga bati, inarudi kuvutwa tena. Mwezi wa tisa kila saa saba mchana E1, na yake ni Gree, kwa hiyo ni ile ya presha. Waliondoa bati wakaacha nondo tupu, wakaosha mapezi, vile vibati vyembamba vya mashine ya nje, kwa maji ya bomba yasiyo na nguvu. Haijarudi. Kwako hapo karibu na ziwa vumbi ni kidogo, lakini tazama kama shangazi hajaegemeza magunia.

Nisisahau hili, ingawa kwa joto lenu la Kalemie huenda usilihitaji. Mwezi wa saba, baridi ya asubuhi ya huku ikituingia kwenye mifupa, nilianza kuiwasha upande wa joto. Siku moja upepo ukakatika, mashine ya nje ikafuka moshi mweupe, nikakimbilia swichi. Kumbe si moshi, ni mvuke: barafu ilikuwa imeshika mapezi ya nje na mashine inajiyeyusha, inasimama dakika chache kisha inaendelea. Gree inaandika H1 wakati huo, Midea inaandika dF. Hizo si kodi za ugonjwa. Uache peke yake imalize.

Kitu kimoja ninakukataza. Usimruhusu Gloria wala kaka yake afungue mashine ya nje, hata umeme ukiwa umezimwa. Mle ndani kuna vihifadhi-umeme vinavyobaki na volti zaidi ya 300 kwa muda baada ya kuzima. Fundi mwenyewe anangoja na kupima kabla ya kugusa.

Kwa hiyo usilipe bado. Mwambie fundi mama wa Lubumbashi anaomba siku mbili. Nipigie picha tatu: kibandiko cha mashine ya nje chenye jina na namba ya modeli, kile kioo kikiwa kimewaka, na njia nzima ya waya kutoka ukutani mpaka nje, nataka kuona kama kuna utepe mweusi mahali. Piga mchana, picha za usiku za simu yako ni giza tupu.

Anayepanda huku wiki ijayo umpe ndakala, wale samaki wadogo wa ziwani, zile kavu kabisa. Za mwezi uliopita zilifika na unyevu, Papa Exaucé akazila hivyo hivyo.

Ni mimi ndugu yako,
Mama Exaucé