Barua ya wazi kwa watoto wa marehemu Mwalimu wetu na wote aliowafundisha

Wanangu, hamjambo. Nawaandikia nyote mlio kwa ile grupu ya matanga, watoto wake wa kuzaa na nyinyi mlioingia darasa lake la kwanza na shuka tu mabegani, mlio Nairobi, Kitengela na hata ng'ambo. Mjukuu wangu ananisaidia kutaipu lakini maneno ni yangu.

Nimeskia mnataka kumjengea kaburi la marumaru, na geti, na picha yake kubwa, na kwa sababu michango haijafika mmeanza kuongea na broka juu ya zile ekari za upande wa barabara ya Namanga zikatwe ploti za hamsini kwa mia. Mimi nasema hapana. Nasema kama rika lake, sisi ni Iseuri, tulitahiriwa msimu mmoja, na wa kuwaambia haya wamebaki wachache sana.

Mwalimu alisoma wakati mtoto kwenda shule hapa Kajiado ilikuwa ni mpaka chifu aje bomani kulazimisha, na mzee alikuwa anatoa yule mtoto anaona hatamsaidia na mifugo, yule hodari anabaki na ng'ombe. Yeye alikuwa wa kutolewa. Akarudi na cheti cha ualimu, na kiangazi kikiingia familia zihame kufuata malisho alikuwa anaandika jina la mtoto na mahali boma limeenda, mvua ikirudi anamfuata mwenyewe kwa miguu, hakufuta mtoto kwa rejista kwa sababu ya ukame hata siku moja. Hesabu ya faida na hasara aliwafundisha na mnada wa Bisil, mnakumbuka, umenunua dume bei hii, umelipa chumvi na dawa ya kupe, umelisha miezi hii, umeuza hivi, umebaki na ngapi? Wahasibu walioko kwa hii grupu walianzia hapo.

Alipostaafu alirudi kwa ng'ombe, na huko pia alikuwa mwalimu. Alileta fahali la Sahiwal, ile mbegu ya asili ya Pakistan ambayo serikali ililea Naivasha, akapandisha zebu zetu akapata ng'ombe wa maziwa na uzito ambao bado wanavumilia jua. Kila ng'ombe alikuwa na ukurasa wake kwa daftari, mama yake nani, alizaa lini, alichanjwa lini. Ndama zetu zilikuwa zinaisha na ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, alipojua kuna ile chanjo iliyotengenezwa Muguga, ambayo ndama anachanjwa mara moja basi, alizunguka boma kwa boma akihimiza watu wachange pamoja ndio daktari wa mifugo aje, maana dawa ikishafunguliwa lazima itumike siku hiyo hiyo.

Na ukame, hapo ndio sijaona mtu kama yeye. Mvua za vuli zikikosa tu, yeye anauza madume na majike tasa wakiwa bado na nyama, anabaki na mitamba na wale wa kuzaa, pesa inaenda kwa karo na hei. Mwaka 2009 watu walingoja ngoja mpaka ng'ombe wanafia njiani wakipelekwa sokoni. Tena kuanzia mwisho wa 2020 misimu 5 ya mvua ilikosa mfululizo, nchi ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2, na zizi la Mwalimu halikubaki tupu. Mengine ni Mungu, lakini mengi ni lile daftari.

Sasa hizo ekari. Ranchi yetu ya pamoja ilikuwa ya ile sheria ya 1968, ilipogawanywa kila mtu akapata titeli yake na wengi waliuza kabla wino haujakauka. Yeye alikataa fensi. Alikaa na majirani wakakubaliana ng'ombe wapite, wakatenga olokeri, yaani malisho ya ndama, kwa sababu huku mvua inanyesha leo kwako kesho ng'ambo ya mto, na mifugo ya kwetu haiwezi kuishi ndani ya waya ikingoja wingu lije lenyewe. Hapo mnapotaka kuuza ndio njia ya kwenda maji. Mkikata ploti hapo mmefungia boma zote za nyuma, wazazi wa wale wale mliosoma nao, halafu mnaweka picha yake kwa geti?

Na titeli bado iko kwa jina lake. Mpaka korti ithibitishe wasimamizi wa mirathi hakuna mtu wa kuuza hata futi moja, anayewaambia inawezekana anataka kula depositi. Mabinti pia ni warithi, katiba ya 2010 imesema, na baba yao hakungoja katiba, alishawapa mitamba wakiwa wadogo.

Ushauri wangu, kaburi lijengwe kwa mawe ya hapa hapa, ipandwe miti. Hiyo michango imalizie karo ya wale watoto alikuwa anasomesha, maana shule zikifungua Januari watarudishwa nyumbani na hakuna mtu anaongea juu yao. Mitamba yake isigawanywe mwaka huu, ikae pamoja, madume yatakayozaliwa yawe ndio bursari.

Tukutane bomani kwake kabla ya kwenda kwa wakili. Yule binti yake ambaye amekuwa akichanja ndama pamoja naye miaka yote hii aje na madaftari atusomee, anajua hilo zizi kuliko kaka zake wote. Mama yenu aulizwe kwanza kabla mwanaume yeyote hajafungua mdomo, na kama kuna kitu mlipokea kwa broka arudishiwe kabla ya hiyo siku.