Yah: Alizeti zenu "fupi" zilizopita ukuta wangu

Kwa Meneja,

Salamu. Naandika kutoka Ngamiani, Tanga, tena kwa adabu, maana ndivyo nilivyolelewa.

Pakiti tatu za mbegu za alizeti fupi aina ya Teddy Bear mlizoniuzia zimeandikwa sm 60 hadi 90. Jana nimepima kwa tepu ya cherehani: mita 2 na robo! Teddy Bear ninayoijua ua lake ni furushi la petali, kama sufi iliyotoka kwenye mto, katikati huoni jicho. Haya yenu yana sahani nyeusi, bua moja, kichwa kimoja. Hiyo ni alizeti ya kukamua mafuta. Wapelekeeni Singida wenye mashamba. Mimi nina kibaraza na ndoo nane za lita 20.

Jumatatu nilikuja dukani na ua limefungwa kwenye kanga. Kijana wenu, macho kwenye simu, akanijibu mbele ya wateja: "Bibi, alizeti ni alizeti. Ikizidi, kata kichwa." Watu wakacheka. Mmea wa kichwa kimoja ukiukata kichwa unabaki na nini, kuni?

Na ni huyuhuyu siku ya kununua aliyeniapia kwamba hazivuki kiuno. Kabla ya hapo, yaani kabla ya Jumatatu, nilishapiga simu mara mbili. Kusi lilipovuma, ndoo mbili zilipinduka zikapasuka, na bua likaangukia sare za shule za watoto wa jirani kambani. Nimezifua mimi.

Narudia la dukani, huenda hamjalielewa. Nimesimama kaunta, chavua inanimwagikia miguuni, mtoto wa rika la mjukuu wangu ananiambia "kata kichwa", kisha analisukuma ua kwa ncha ya kalamu mpaka linaanguka chini. Hakuliokota. Niliinama mwenyewe, na magoti haya.

Nataka shilingi zangu 13,500. Na ndoo mbili. Na samadi, maana nayo niliinunua. Tena hapana, fedha peke yake sizitaki: kijana aje hapa barazani aniombe radhi, jirani akisikia. Mkinyamaza mpaka Ijumaa, pakiti zote tatu zinapanda basi kwenda TOSCI, wale wakaguzi wa ubora wa mbegu, Morogoro. Nauli ninayo.

Ua nimelianika, halijatupwa.

Mteja wenu (mpaka Ijumaa)