Salamu za Krismasi kwa wana ukoo, na habari ya kile kiatu

Shimbonyi wana nyumba, Tumsifu Yesu Kristu.

Baba wakubwa, baba wadogo mliobaki, mashangazi, wajomba, wakwe zetu, mashemeji, na watoto wote mliosambaa Dar, Mwanza, Mbeya, mpaka wale wa Marekani mnaotupigia saa nane za usiku mkidhani na huku ni mchana. Kama katibu wenu nimepewa jukumu la kuandika salamu za sikukuu. Niseme ukweli, kila mwaka huwa nachukua za mwaka uliopita nabadilisha tarehe natuma, na hakuna aliyewahi kushtuka isipokuwa marehemu Baba Mdogo. Desemba iliyopita alinipigia anacheka, akaniambia mwanangu asante kwa salamu ila mbona umetutakia heri ya 2024 mara ya pili.

Basi mwaka huu naandika upya.

Mwaka wenyewe kila mtu kauona kwa upande wake. Nauli za Desemba kutoka Dar mnazijua, mtu ana watoto wanne akipiga hesabu ya kwenda na kurudi anaona bora adanganye kwamba ofisi imemnyima ruhusa. Mchele, mafuta ya kula, ada za Januari zinazokusubiri hata supu haijapoa. Shangazi katumwa mnadani kununua mbuzi, kashuka kwenye boda kimya, tukajua. Halafu zile siku za mwisho wa Oktoba intaneti imezimwa tunatafutana kwa simu za kawaida kama zamani, nani kafika nyumbani nani hajafika. Tumshukuru Mungu aliyetufikisha.

Lakini kwa nyumba yetu mwaka ulivunjika Julai, tulipomzika Baba Mdogo pale kihambani, shamba letu la ukoo Kibosho, na hii ndo Krismasi ya kwanza hayupo.

Wengi mlimjua kama daktari wa timu ya chuo. Hakuwa daktari na alikuwa hapendi aitwe hivyo, alisomea fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, hospitali ya KCMC Moshi, halafu akaajiriwa chuoni pale mjini akakaa miaka 27 akiwahudumia wachezaji, mpira, netiboli, wavu, riadha, wote wake yeye mmoja na begi moja. Kazi ile watu huwa wanaiona kwa sekunde 30 tu, refa anapunga mkono, mzee anatoka mbio na begi, anapuliza dawa, jukwaa linamcheka anavyokimbia kwa kuinama, basi. Hawamwoni asubuhi anapofunga vifundo vya miguu vya timu nzima kwa plasta, inapita chini ya unyayo inazunguka kisigino inarudi juu, mguu kwa mguu, mgongo umeinama saa nzima. Hawamwoni akinunua barafu kwa hela yake kwa wauza samaki kwa sababu chuo kimesema bajeti imeisha. Kuna binti wa netiboli alikatika kano ya goti, alikaa naye miezi 9, kila jioni anamnyanyulisha mguu wenye kifuko cha mchanga, binti analia, yeye anamhadithia habari za ng'ombe wake mpaka wanamaliza. Yule binti alikuja msibani na mtoto mgongoni, alisimama pale mbele akashindwa kusema akakaa.

Na ugomvi wake na mashangazi kuhusu maji ya moto mnaukumbuka. Mtu kifundo kimeteguka leo, nyumbani wanachemsha maji, wanamkanda na chumvi wanamsugua mpaka anaona nyota, Baba Mdogo akikuta hivyo anapandwa na hasira, anasema mnaongeza uvimbe, siku mbili tatu za mwanzo ni barafu, bandeji na mguu uwekwe juu ya mto, acheni kumkanda. Shangazi hajakubali mpaka leo, nimemuuliza juzi.

Alikuwa na swali lake moja. Mkiangalia mbio zozote naye, mtu akishinda, nyie mnashangilia, yeye anauliza: huyu kafungwa na nani? Yaani ni nani aliyemfunga plasta, aliyemkanda misuli jana usiku. Hadithi ya John Stephen Akhwari wa Mbulu tumeisikia wote tangu shuleni, Mexico 1968, kaanguka kwenye marathoni kaumia goti, kaingia uwanjani giza limeshaingia, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kumaliza, mguu umezungushiwa bandeji, anachechemea mpaka mwisho. Kila mtu anaisimulia kama hadithi ya ushujaa na ni kweli. Baba Mdogo alikuwa anaisikiliza yote, halafu anasema, ile bandeji haikujifunga yenyewe.

Jumatatu ya Pasaka mwaka huu tulikuwa kwake, mwanariadha wetu Alphonce Simbu anakimbia marathoni ya Boston, tunafuatilia kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, jioni ile akamaliza wa pili nyuma ya Mkenya kwa saa 2:05:04. Tukapiga kelele, mama mwenye kilabu jirani akadhani kuna mwizi. Baba Mdogo akasema huyu kijana bado, mngojeni. Ikafika Septemba 15, Tokyo, mashindano ya dunia, kwetu ilikuwa saa tisa na ushei usiku, Simbu akampita Mjerumani mmoja kwenye mita za mwisho kabisa, wote wameandikiwa 2:09:48, wametofautiana sekunde 0.03, dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Grupu la ukoo lilikuwa kimya, wote mmelala. Wa kwanza kuandika alikuwa Mama Mdogo, mjane wake, mama wa kuuza ndizi soko la Mbuyuni ambaye mbio hazimhusu hata kidogo, kaandika hivi tu: "Simbu kashinda. Kafungwa na nani?"

Nililia, nisiwafiche.

Na nyumbani kwake alikuwa mtu wa namna gani hilo mnalijua ila wakwe wapya hawajui. Timu ikisafiri wakapewa chakula cha njiani, cha kwake hali, anakifunga, anafika saa sita usiku anawaamsha mabinti zake wanne wanakula kuku wa baridi kwenye taa ya chumbani. Sare za shule alikuwa anazipiga pasi yeye, Jumapili jioni, redio imefunguliwa. Mama Mdogo akirudi sokoni miguu imemvimba, mwanaume mzima anakaa kwenye kigoda anaikanda ile miguu hadharani, barazani, wapita njia wanaona. Kilabuni wakamcheka kwamba kalishwa limbwata. Akawajibu miguu ya wachezaji ninalipwa, hii ndo yangu. Mbege ikawapalia.

Sasa nifike kwenye kile kiatu, maana baadhi yenu mmesikia vipande vipande na kila mtu anaongeza chumvi.

Ilikuwa 2011 nikiwa mwanafunzi palepale chuoni, fainali, mie winga wa kulia, na maneno yamezagaa kwamba jukwaani kuna watu wa timu ya ligi kuu wamekuja kuniangalia. Kipindi cha pili nimeruka na beki mmoja mrefu tukagongana vichwa, nikaanguka, nikaamka, nikajiona mzima kabisa. Baba Mdogo kaja mbio, hakunipulizia dawa wala nini, kachuchumaa kaniuliza tuko kipindi cha ngapi. Nikamwambia cha kwanza. Kaniuliza nani kafunga goli. Nikamwambia hatujafunga bado, kumbe tulishafunga na mfungaji mwenyewe mimi. Akamwonyesha kocha kwamba huyu atoke. Kocha hataki, mie sitaki, mashabiki wanamzomea mzee. Basi akanivua kiatu cha kushoto, akakitia kwenye begi, akafunga zipu, akalikalia begi. Mnanielewa, akalikalia, mpaka filimbi ya mwisho.

Tulipoteza kwa penalti.

Sikumsalimia mwaka mzima, na baada ya hapo ikawa salamu za mdomo tu. Kila nilipokaa nikanywa nilikuwa nasema yule ndiye aliyenikatia riziki yangu. Ukubwani ndo nikaja kusoma mwenyewe, kwamba mtu akigongwa kichwa akachanganyikiwa hivyo harudi uwanjani siku ile, ubongo ukipigwa mara ya pili kabla haujatulia unaweza kuvimba kijana akafia palepale kwenye nyasi. Mama Mdogo anasema alinieleza hayo yote siku ileile mara tatu njiani tukirudi. Sikumbuki hata moja, ndo ushahidi wenyewe.

Na nilijua cha kufanya, kila mtu wa huku anajua cha kufanya, sale, lile jani letu Wachaga la kuombea msamaha, lipo mpakani hatua kumi kutoka jikoni, unakata unafunga fundo unaenda. Kila Krismasi nasema nitapeleka kesho. Miaka 14 ya kesho. Julai nikakata masale ya kupanda kaburini, yameshika vizuri kwa kweli, lakini hayo ni masale mengine jamani, sale la msamaha linapokelewa kwa mkono, na mkono huo haupo.

Tulipoanua tanga Mama Mdogo akaniita chumbani akanipa mfuko. Kiatu cha kushoto, namba 41, kimesafishwa kimepakwa mafuta, kimejazwa magazeti ndani kisikunjamane. Nikayachomoa yale magazeti. Yalikuwa ya mwaka huu. Yaani alikuwa anayabadilisha.

Kwa hiyo ndugu zangu, na hapa katibu anapanda mimbarini mtanisamehe, padre naye atasema yake kwenye misa ya mkesha. Wenye ugomvi wa mipaka mnajijua, wenye ugomvi wa fedha za harusi mnajijua, msije mkakaa mnakula nyama ya pamoja mmepeana migongo halafu Januari kila mtu anaondoka na kinyongo chake alichokuja nacho. Nendeni. Sale halinunuliwi, halipandi bei, katika vitu vyote vya mwaka huu ni hilo tu. Na wanaume wa ukoo huu mpimwe presha. Baba Mdogo mashine ilikuwa kwenye begi lake, ilishapima mkono wa kila mtu chuoni mpaka walinzi, wake mwenyewe aliuahirisha mpaka siku aliyodondoka bafuni. Sisi ni watu wa nyama na wa chupa, tusidanganyane. Mnaokuja na magari madogo msikimbizane na mabasi, usiku laleni Korogwe au Same, kihamba hakihami. Na watoto wenu mkiambiwa na mwalimu wa michezo kwamba huyu apumzike, apumzike, msiende kumtukana mwalimu shuleni, goli la leo litafungwa hata na mtoto wa jirani. Na tuwakumbuke hawa watu wa pembeni, mwenye begi, mwenye maji, mama anayefua jezi, mtu anakufa ndo tunagundua timu nzima ilikuwa inasimama kwa miguu aliyoifunga yeye. Mungu anawaona hata kama jukwaa haliwaoni, na sisi tunaojiita Wakristo tutaulizwa tulisimama jukwaani au la... naona nimeanza kupotea, niishie hapo.

Kwa niaba ya wazee nawatakia nyote Krismasi njema yenye amani na upendo, na heri ya Mwaka Mpya 2026, wenye afya, baraka tele na mafanikio. (Nimehakiki mwaka mara mbili.)

Ratiba ni ileile. Misa ya asubuhi, halafu kaburini wote kabla ya kukaa, halafu nyumbani kwa Mama Mdogo, amekataa tuhamishie kwingine. Kisusio atasimamia mjomba, mtori ni wakwe, mbege ipo tayari. Njooni na masweta, watoto wa Dar mwaka jana walilia kwa baridi. Michango imwendee Shangazi, ambao hamjatoa orodha ninayo.

Jambo moja tu la dharura. Yule mbuzi anachechemea mguu wa nyuma, ndo maana Shangazi alipunguziwa bei. Sasa jana nimepigiwa simu, binti wa mwisho wa Baba Mdogo kalifungua lile begi, kamfunga mbuzi bandeji vizuri kabisa, na anasema hachinjwi mtu mpaka apone. Wazee wamejaribu kuongea naye, wameshindwa, mama yake yuko upande wake. Mnaotoka mjini piteni buchani mje na chochote.