Mama alimpa mkono nje ya mahakama, sasa anataka nifute mchoro

Anti shikamoo. Naandika saa kumi alfajiri, sijalala na jana pia sikulala, kwahiyo nikichanganya mambo utanisamehe. Najua unaandikiwa sana mambo ya ndoa, hili si la ndoa, ingawa mke wangu naye kasema nisipoacha hivi vitu atarudi kwao Sengerema akapumzike kidogo. Mi nataka tu kujua kama mtoto ana haki ya kumkasirikia mama yake mzazi, maana mama alimpa mkono mtu aliyeshtakiwa kumuua ndugu yangu wa tumbo moja, siku jaji alipomwachia.

Pale pale nje ya mahakama. Jaji ndo kamaliza kusoma, upande wetu wanawake wanalia, shemeji kakaa kwenye ngazi na mtoto mgongoni, upande wa pili wanapiga vigelegele utadhani wametoka kufungisha ndoa, na wote hao ni ukoo mmoja, harusi tunachangiana, misiba tunazikana. Ye anatoka, kakonda, shati limemzidi mabega. Mama kanyanyuka, kapita katikati ya watu, kampa mkono. Hakumkumbatia, wanaosema alimkumbatia ni waongo, mi nilikuwepo. Kampa mkono, kaushika kwa mikono yote miwili, alafu karudi kwetu anasema twendeni daladala zitajaa.

Watu wananiambia eti ni mtoto wa mdogo wake, kamlea toka darasa la tatu, ulitaka afanyeje. Hilo najua! Hata mimi nimelala naye kitanda kimoja, mimi, yeye na marehemu, tunalala mzungu wa nne, miguu yake usoni kwangu. Kwani mi sina uchungu? Ila marehemu ndo mtoto wake wa kumzaa. Na kumbe miaka mitatu yote ile alikuwa anakwenda Butimba kumwona mahabusu, anatuaga anakwenda jumuiya, hilo nimelijua juzi kwa kondakta.

Kesi unazijua za kambi za uvuvi zilivyo. Usiku, giza la dagaa, ugomvi wa mgao, mtu kapigwa kasia la kichwa, asubuhi yuko kwenye maji. Kesi ya mauaji haina dhamana kwahiyo akakaa ndani mpaka mwisho. Shahidi mkubwa ni mmoja, kasema alimtambua kwa mwanga wa taa. Jaji kasema shahidi hakueleza taa ilikuwa mbali kiasi gani, mwanga ulikuwa mkali kiasi gani, alimtazama kwa muda gani. Na wakili wao kila akisimama ni Waziri Amani, Waziri Amani, kesi ya mwaka 1980 ya Mahakama ya Rufani ya mambo ya kumtambua mtu, nimeisikia mpaka naiota. Eti upande wa Jamhuri haukuthibitisha pasipo kuacha shaka. Mtu amezikwa, shaka ya nini tena.

Sasa kuhusu mchoro. Kazi yangu ni rangi, naandika mitumbwi kule mwaloni Kirumba, majina ya matajiri, Mungu Hamtupi Mja Wake na mengine kama hayo, malori pia. Sijasomea. Wiki ile ya hukumu kifua kilikuwa kinabana nashindwa hata kumeza, nikachukua rangi zilizobaki za mtumbwi wa mtu nikaenda nyuma ya nyumba. Unajua huku kwetu mlimani, unajenga panapobaki, jiwe lenyewe ndo ukuta wa jiko. Nikaanza kumchora marehemu. Nilitaka kumchora akiwa Bujora kwenye Bulabo, ile sikukuu ya ngoma za Wasukuma, maana mwezi wa sita alikuwa hakosi, hata dagaa wawe wamekolea anaacha mtumbwi anapanda gari la Kisesa. Ye alikuwa upande wa bagalu na huyo mwenzie bagika, ndo makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, wanatambiana hapo mchana kutwa, jioni tunakula sahani moja.

Nilipofika usoni akatoka yule aliyepewa mkono. Nikafuta kwa tina nikaanza upya, akatoka yule. Mara ya nne nikasema basi, kaa. Nikamchorea na kasia mkononi na taa chini ya miguu. Jina sijaandika, Anti, sijamchafua mtu, jiwe liko kwenye eneo letu na rangi nimenunua mwenyewe (mbili tatu ni mabaki, lakini yale hata tajiri angemwaga). Kiukweli nikishika brashi ndo nasikia kama nimelia. Msibani sikulia, nilikuwa nashughulika na jeneza na mahema.

Sasa limekuwa la mtaa. Watu wanapanda na simu wanapiga picha. Wa upande wetu wanasema safi, acha aone haya. Wa upande wao wamelipaka tope mara mbili, nikaosha. Mwenyekiti wa mtaa kaja kasema anaomba busara. Shemeji kaja kakaa mbele ya jiwe saa nzima hajasema neno, akaniambia asante. Na mama, ambaye anaosha vyombo hapo hapo kila siku, siku ya kumi kaniambia nifute. Nikamwambia mayu, hivi unamhurumia nani. Kaniambia futa tu. Nikamwambia wewe ulimpa mkono, mimi nimempa sura, kila mtu na chake. Najua nilikosa adabu. Lakini nilisema kweli au sikusema?

Sisi ndugu hatuwezi kukata rufaa wenyewe, mpaka Jamhuri, na notisi ni ndani ya siku 30. Leo ni siku ya 23. Jumatatu baba mkubwa anataka twende mimi, yeye na shemeji kwa waendesha mashtaka tukawasukume, na mimi ndo msemaji kwasababu naongea vizuri. Nauli nimeshachangisha.

Kuna kitu kimoja, sijui hata kama kinahusika. Mchoro ulikuwa haujakaa sawa kwenye vivuli, uso ulikuwa kama wa mtu aliyesimama juani. Mi ni fundi, kitu kama hicho kinanisumbua. Ijumaa usiku nikatoa taa ya marehemu, ile ya sola waliyotuletea kwenye kiroba pamoja na nguo zake, bado inashika chaji. Nikaiweka chini. Wavuvi wa pale kambini waliniambia toka kwenye chanja mpaka majini ni kama hatua kumi na mbili, nikahesabu kumi na mbili. Nikamchukua mwanangu na mtoto wa jirani, wana miaka kumi na minne wote, nikawaambia mmoja apite nyuma ya taa, aokote kasia, arudi gizani. Taa ikiwa chini unaona kidevu, unaona matundu ya pua, macho yanakuwa mashimo tu, na wewe unayetazama taa inakuumiza. Kapita mmoja. Nikaita jina la mwanangu, nikamwambia sasa rudi taratibu nione shavu. Akacheka mtoto wa jirani.

Mwanangu, Anti. Nimekula naye ugali jioni ile ile.

Labda ni macho yangu, nina miaka ishirini kwenye rangi na tina, macho yameshakufa. Shahidi ni kijana. Na mtu mliyeishi naye kambini unamjua hata kwa mwendo, si lazima uso. Simaanishi hakuua. Aliua. Mi nasema tu kwamba toka Ijumaa brashi sijashika na kifua kimerudi pale pale, na usiku ule nilipogeuka nilimkuta mama kasimama mlango wa jiko, sijui toka saa ngapi. Hakusema kitu. Akaja akaokota taa akaizima, akawaambia watoto wakalale.

Kwahiyo nifute au nisifute? Nikifuta upande wetu watasema nimehongwa, na wataanza kuhesabu nimenunua nini mwezi huu. Nikiacha ndo namwona kila nikienda kunawa uso. Na Jumatatu nikienda, nikae kimya kuhusu habari ya taa? Nisipoenda shemeji nitamtazama wapi? Mke wangu sijamwambia, wewe ndo wa kwanza.

Lakini hata hivyo, hata ikiwa si yeye, na sijasema si yeye, mama siku ile hakujua. Alimpa mkono kabla mi sijawasha hiyo taa. Alijuaje? Au hakujua na alimpa tu? Nashindwa kumuuliza. Sa hivi namsikia kaamka anafagia huko nyuma, kwenye jiwe.

Naomba unijibu kabla ya Jumatatu. Jina usiweke.

Fundi rangi, Mwanza