Harambee ya Mfuko wa Viungo: tuwawahi wenzetu kabla vidole havijapinda

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na poleni na majukumu. Naandika kwa niaba ya umoja wa wanawake wa usharika wetu huku Hai, Kilimanjaro, tunawachangia wenzetu wenye ugonjwa wa kuvimba viungo vya mwili wapate matibabu, naombeni mnisome mpaka mwisho, hasa nyie mlioko Dar, Arusha na nje ya nchi ambao tunaonanaga Desemba tu.

Kuna mama mmoja wa sauti ya pili kwenye kwaya, ameniruhusu nieleze ila jina nisitaje. Mwaka jana alikuwa ametoka uzazi, mtoto ana miezi minne, akaacha kupeana mkono na watu. Ibada ikiisha tukisimama pale nje kwenye mnada wa sadaka yeye anainamisha kichwa tu anapita, watu wakaanza kusema siku hizi anaringa, kumbe ukimbana vidole kidogo tu machozi yanamtoka. Asubuhi mikono yote miwili imekakamaa, hawezi kufungua kifuniko cha chupa ya chai wala kufunga kanga, jirani ndo anakuja kumfungia mtoto mgongoni, na mpaka inafika saa nne vidole ndo vinaanza kulegea.

Mimi nilijua siku ileile maana nimekulia kwenye nyumba yenye mikono kama hiyo. Mama yangu alianza hivohivo, nipo darasa la tano, na huku mlimani tunaita baridi yabisi, na tukishaita hivo tunaamini ni baridi kweli basi tunamvalisha soksi, tunamkanda na maji ya moto, tunampaka mafuta. Kulikuwa na zahanati moja akizidiwa anachomwa sindano anarudi anatembea vizuri siku tatu nne, alafu yanarudi, anachomwa tena, na katikati anameza diklofenaki kama karanga, miaka saba, uso ukavimba, vidonda vya tumbo vikaanza. Hakuna aliyetuambia kwamba kutulia maumivu ni kitu kimoja na kuokoa kiungo ni kitu kingine kabisa. Eksirei ya kwanza amepigwa miaka saba imeshapita, daktari akaishika kwenye mwanga akatuonyesha pembeni mwa mifupa ya vidole pameliwa, ukiangalia ni kama punje ya hindi iliyopekechwa na dumuzi. Akasema palipoliwa hapa hapajirudishi. Saivi vidole vya mama vimelala upande mmoja, kumenya ndizi hawezi, kuchuma kahawa ndo kabisa.

Jamani baridi ya mlima haiwezi kula mfupa. Ugonjwa huu, ile aina wanaita rumatoidi, ni kinga ya mwili yenyewe imekosea adui. Inaushambulia ule utando laini ulioko ndani ya kiungo, utando unavimba, unanenepa, unatambaa juu ya gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, na kuanza kuila, na unaingia mpaka kwenye mfupa. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa nao na karibu 70% ni wanawake, na wengine unawaanza baada ya kujifungua kama huyu mwenzetu, sisi tunasema ni uzazi umemchosha apewe mtori atakaa sawa.

Kinachonifanya niandike kwa nguvu hivi ni kwamba dawa zipo, na sio ngeni. Methotreksati Marekani waliipitisha kwa ugonjwa huu mwaka 1988, ni kidonge kinachomezwa mara moja kwa WIKI (kwa wiki jamani, kila siku ni sumu), unapewa na vidonge vya foliki, unapimwa damu kuangalia ini na chembe za damu, mjamzito haruhusiwi. Hiyo inazuia kiungo kuliwa, diklofenaki haizuii. Na utafiti uliofanyika Glasgow kule Uskoti ukatolewa mwaka 2004 mimi ulinigusa sana, walichukua wagonjwa 110 wakawagawa nusu kwa nusu, hawa waendelee na kliniki ya kawaida, hawa waonwe kila mwezi na dawa iongezwe mpaka uvimbe ukate. Ni vidonge vya kawaida tu na sindano za kwenye kiungo. Baada ya mwaka mmoja na nusu, waliofuatiliwa kwa karibu 65% ugonjwa ulikuwa umetulia, wale wengine 16%. Kilichowatofautisha ni kufuatiliwa! Na chuo kikuu cha mji huohuo wa Glasgow ndicho kilichoshirikiana na hospitali ya KCMC ya Moshi miaka michache iliyopita kupita nyumba kwa nyumba hapahapa Hai kuuliza habari za viungo, kwahiyo tusiseme ni ugonjwa wa Wazungu.

Zipo na sindano mpya zilizoanzia London mwaka 1992, kazi ya watafiti wawili waitwao Maini na Feldmann, zinasaidia sana ila bei yake haishikiki na zinaweza kuamsha TB iliyolala, kwahiyo sio tunachoomba leo.

Yule mwenzetu tulichanga wenyewe kwenye umoja akaenda kliniki mwezi wa pili tangu aanze. Kwa kuwa ananyonyesha hakupewa methotreksati, alianzishiwa salfasalazini na haidroksiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini ya malaria wazee mnaikumbuka. Jumapili iliyopita nimemuona akimfunga mtoto mgongoni mwenyewe, akavuta fundo la kanga akalikaza. Nilishindwa kuimba ubeti wa pili.

Sasa tumepita jumuiya zote tumepata watu 14 wenye viungo vilivyovimba mikono yote miwili zaidi ya wiki sita. Wengine watakutwa na gauti au magoti ya umri, sawa, watajua la kufanya. Tunatafuta milioni 6, ni nauli za kushuka kliniki na kurudi, vipimo vya damu, eksirei na dawa za mwaka mzima kwa watakaokutwa nao, maana wengi hawana bima na mtu akikosa nauli miezi miwili ndo basi kaacha dawa. Mpaka sasa tuna 1,850,000.

Mnada mkubwa ni Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane baada ya ibada ya pili. Leteni ndizi, parachichi, mayai, kuku, kahawa, na mlioko mbali tumeni kwa mhazini wa umoja, namba yake mnayo kwenye magrupu ya jumuiya zenu, elfu mbili inapokelewa, elfu hamsini inapokelewa, na kila mwisho wa mwezi hesabu itasomwa kanisani. Mama yangu ameshachagua mkungu wake kihambani, amesema huo ndo ufungue mnada, yeye atakuja kuushika na mimi nitaubeba.