Wasizibe dirisha la Mzee

Athieno ndugu yangu,

Habari ya siku mingi? Watoto hawajambo? Mama Owor je, miguu imepoa? Mimi huku Kampala niko salama, ni zamu za usiku tu. Najua nimekaa kimya tangu tumzike Mzee, nisamehe sana, leo nakuandikia haraka kwa sababu wewe ndio uko karibu na nyumbani.

Okoth alinipigia jana usiku. Anataka kujenga mizigo miwili, vyumba vya kupangisha, na anataka kuviegemeza kwa ukuta wa chumba cha Mama, ule unaoangalia Roki, lile jabali letu, ati ukuta tayari upo kwa hivyo atapunguza matofali. Nikamuuliza, na dirisha? Akasema litazibwa, fundi anakuja Jumamosi. Athieno, sijalala.

Si unakumbuka lile dirisha? Ilikuwa likizo ya Desemba 1998, mimi na wewe tuna miaka 9. Kile chumba kilikuwa giza mpaka Mama anawasha taa saa sita mchana kutafuta nguo. Mzee akarudi kutoka kazini reli, akachora kwa mkaa ukutani, akasema hapa. Wewe ulishika kamba ya katani upande mmoja mimi upande wa pili, na yeye akafunga jiwe kwenye uzi kupima kama ukuta umesimama wima, maana timazi hatukuwa nayo. Matofali ya juu akayategemeza kwa mbao kwanza, alafu akatoboa polepole kwa patasi, na kwa sababu yalikuwa yamejengwa kwa udongo mtupu yalitoka mazima mazima na sisi tukayapanga chini ya mwembe. Linta, ile boriti ya juu ya dirisha, akaisuka na nondo, akamwaga zege, akaniambia kazi yako ni maji, asubuhi na jioni, ukiiacha ikauke haraka itapasuka. Nililowesha yale magunia yaliyoifunika wiki nzima, kabla ya chai, kabla hata ya kunawa uso. Sijawahi kupewa kazi nikaithamini vile. Na siku mbao zilipotolewa jua likaingia mpaka kitandani, Mama akahamisha ungo wake wa karanga akakaa pale, na mpaka leo hapo ndio pake.

Sasa ndio Mama anatoka hospitali wiki ijayo na nyonga yenye vyuma, atalala kwenye hicho chumba miezi, hawezi kwenda nje peke yake. Na huku nilikoongeza masomo tumefundishwa kitu ambacho nimekiwaza siku nzima. Kuna mtafiti anaitwa Roger Ulrich, mwaka 1984 aliandika kwenye jarida la Science, alichukua mafaili ya hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, ya kuanzia 1972 mpaka 1981, wagonjwa 46 waliotolewa mfuko wa nyongo, akawapanga wawili wawili wanaofanana, mmoja dirisha lake linaona miti na mwenzake linaona ukuta wa matofali. Wa miti walikaa wastani wa siku 7.96, wa ukuta siku 8.70, na hawakuhitaji dawa kali za maumivu kama wale wengine. Hata manesi kwenye maandishi yao walionyesha wa ukuta walikuwa wanalia zaidi, wanahitaji kutiwa moyo zaidi. Mimi ni nesi, najua yale maandishi ya usiku, hakuna anayeyaandika kwa kupendezesha. Nyongo si nyonga, sawa, lakini ukuta wa matofali, Athieno! Huohuo ndio Okoth anataka kumjengea Mama mbele ya macho.

Na simlaumu, pesa ya hospitali ni yeye alikopa, najua kodi ya mizigo miwili itamsaidia kulipa. Mimi nimemwambia nitatuma za simenti kila mwezi. Ninachotaka ni ajenge upande wa choo cha zamani, pale hakuna dirisha, ingawa atalazimika kuchimba msingi mpya na huo ndio gharama. Yeye anasema nafasi haitoshi. Nafikiri inatosha, lakini niko mbali, na kwa simu tunaishia kugombana, juzi nilimkatia, nikajuta.

Tafadhali, wewe anakusikiliza tangu mlipokuwa mnachunga mbuzi pamoja. Ungeenda kesho na futi, upime kutoka ukuta wa choo mpaka seng'enge, unitumie na picha? Unaweza kumwomba amwambie fundi angoje mpaka Jumapili, niongee naye vizuri? Mwembe bado upo ama walikata? Na pale chini ya dirisha, kwenye simenti tulipobonyeza mikono yetu ikiwa mbichi, mikono bado inaonekana? Wako ndio ulikuwa wa kushoto, si ndio? Mama amekuuliza mara mbili wiki hii, ungempigia kabla hajatoka?

Nijibu hata usiku, niko macho.

Rafiki yako,
Achieng